Nimepita Nkoma Bila Viatu

Kabula,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwenu Nkoma, kwenye kivuli cha jiko. Miguu nimeinyoosha mbele kama magogo maana haikunjiki. Mama yako amelala mkekani hapa pembeni yangu. Najua usingeamini. Mimi mwenyewe siamini sana.

Zile mbio nilikimbia jana.

Ngoja nianze mwanzo, maana ulikuwa hupendi mtu anayerukia mwisho wa habari.

Chumba chako pale Bariadi mwenye nyumba amempangisha kijana anayetengeneza simu. Amepaka ukuta rangi ya bluu. Kamba yetu ya nguo bado ipo, lakini mimi naanika upande mmoja tu. Yule kijana aliniuliza kwa nini, nikamwambia upande ule una kutu. Wanafunzi wako walikuwa wanapita kibandani kwangu wakitoka shule. Wanasimama mlangoni, wanaangalia cherehani, wanaondoka. Siku moja niliwaambia waingie wakae. Hawakuingia.

Hujui yaliyosemwa baada yako. Siku ile ulipoanguka hapa uani na ndoo ya maji, mimi nilikuwa natoka mazoezini peke yangu, simu ikaita. Nilipanda gari la kwanza na viatu vile vile vya kukimbilia. Nilikukuta hospitalini, umeshaondoka. Daktari alitueleza kwamba mlango mmoja wa moyo wako ulikuwa umeharibika tangu utotoni, haufungi vizuri, na kwamba ugonjwa wa namna ile unaweza kukaa kimya miaka na miaka. Alisema ingeweza kuwa mbio, ingeweza kuwa jembe, ingeweza kuwa ndoo. Ikawa ndoo.

Lakini mama yako hakusikia ndoo. Alisikia mbio. Tulipomaliza kukuzika, watu wote wakiwa bado wamesimama, alinitazama miguuni. Sikuwa nimekumbuka kubadilisha viatu. Akasema, "Minza, mmeniulia mtoto kwa mbio zenu. Usipite tena mbele ya mji wangu na viatu hivyo."

Padre alitazama chini. Nikarudi Bariadi, viatu nikavisukuma chini ya kitanda.

Halafu mwezi wa mbio ukafika. Unakumbuka tulivyosikia tangazo redioni, ukaacha chai yako ikapoa? Kutoka Bariadi mpaka Mwandoya, si kwa barabara, kwa njia za ng'ombe, kilomita karibu sabini. Nilikuambia huo ni wazimu. Wewe ulikuwa umeshaona kwamba njia inapita Nkoma, nyuma ya ua wenu wa minyaa. Ukasema, "Mama hajawahi kuniona nikikimbia tangu nimekuwa mtu mzima. Siku hiyo ataniona, apende asipende." Ulicheka mpaka ukakohoa.

Nilikuwa nimeamua siendi. Kilichonibadilisha si ushujaa. Niliwaza tu hivi: siku ile nikikaa kwenye cherehani, kila saa nitakuwa najiuliza sasa hivi tungekuwa wapi. Sasa tungekuwa Lagangabilili. Sasa tungekuwa Nkoma. Nikaona hiyo ni mbaya kuliko kukimbia.

Lakini miguu, Kabula. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na wiki nzima nilikuwa nakanyaga pedeli kwa sare za watoto, asubuhi mpaka jioni. Kisha baba akanipigia simu kutoka Mwamapalala kwamba pamba ya mwisho inadondoka chini na mgongo wake umekataa. Nikaenda. Nilichuma nimeinama siku mbili, nikabeba marobota kichwani mpaka nyumbani. Nilirudi Bariadi jioni, kesho yake alfajiri nikasimama kwenye mstari. Wewe ungeniambia lile neno lako, "Miguu haiulizwi, inaambiwa." Nimeiambia. Ilikuwa imechoka kabla sijaanza.

Kulikuwa na baridi. Wakimbiaji wa Mwanza na Arusha walivaa mifuko ya maji mgongoni yenye mirija. Mimi nilikuwa na chupa mkononi na michembe ya viazi vitamu kwenye mfuko wa kaptura. Namba yako niliiona mezani karibu na yangu. Dada aliyekuwa anagawa akaniuliza kama mwenzangu amechelewa. Nikasema ndiyo.

Mwanzo ulikuwa mchanga, laini, tukaenda vizuri. Jua lilipotoka tukaingia mbugani, na unaijua mbuga wakati wa kiangazi, udongo mweusi umepasuka nyufa za kumeza mguu mzima. Kila hatua unatazama chini. Wenzangu walinipita mmoja mmoja, wengine wakisema pole dada. Wachungaji wakasimamisha ng'ombe kutupisha, halafu wakacheka kwamba watu wazima tunakimbia na hakuna kinachotufukuza. Wewe ungewajibu kwa Kisukuma mpaka waone aibu. Mimi niliwapungia mkono tu.

Baada ya Lagangabilili vigimbi vikaanza kukaza. Kwanza cha kulia, kisha vyote viwili. Nikawa nakimbia kidogo, natembea, nasimama nimeshika mti. Halafu nikaanza kulia. Sikupanga. Nilikuwa sijalia vizuri tangu mazishi, nilikuwa nalia kwa kuiba nikiwa naoga. Sasa ikatoka yote kwenye lile jua, hakuna mtu mbele, hakuna mtu nyuma. Kulia na kukimbia haviendi pamoja, pumzi moja haitoshi. Nikachagua kulia. Nikatembea nikilia mpaka kituo cha maji cha mwisho kabla ya Nkoma.

Pale mama mmoja wa kujitolea alinimwagia maji kichwani akasema, "Mwanangu, gari lipo. Hakuna atakayekucheka." Nililitazama lile gari. Lilikuwa linapita barabara kubwa moja kwa moja mpaka Mwandoya. Halipiti kwenu. Nisingemwona mama yako, naye asingeniona. Nakuambia kweli, mkono wangu ulikuwa umeshashika mlango. Dereva akasogeza begi lake kwenye kiti ili nipate nafasi, na kwa sababu ya lile begi nikajiona kabisa nimekaa pale, nikakuona wewe umebaki njiani. Nikauachia mlango.

Nilipoona minyaa ya kwanza ya uani kwenu nilikaa chini nikavua viatu. Nikafunga kamba zake pamoja, nikavishika mkononi. Ardhi ilikuwa ya moto na mbigili zimejaa. Nikatembea polepole, kichwa chini, kama mtu anayepita msibani.

Kaburi lako limetulia sasa. Udongo umeshuka. Mtu amelipangia mawe pembeni, mawe madogo meupe ya mtoni, na najua ni mama yako, maana hapa hakuna mto wa karibu, nani mwingine angeyafuata. Nilisimama kidogo. Sikusema kitu, na wewe hukusema.

Mama yako alikuwa anaanika michembe juu ya mwamba. Nikapiga goti nikamwamkia kama mama yangu, "Mwadila, mayu." Hakuitika. Nikainuka nikaendelea. Nilikuwa nimeshapita kona ya zizi niliposikia, "Minza."

Nikageuka.

"Mbona unatembea?"

"Uliniambia nisipite na viatu, mayu."

Alitazama miguu yangu, ilikuwa inatoka damu kidogo. Alitazama ile namba kifuani. Mkono wake ulikuwa bado umeshika ungo. Kisha akasema, "Kabula alipita hapa akitembea lini? Tangu ajue kusimama, mtoto yule hakuwahi kutembea." Sauti ikamkatika hapo hapo. Ungo ukaanguka, michembe ikamwagika, kuku wakaja.

Alinishika mkono akaniketisha kwenye kigoda. Akaleta beseni. Aliniosha miguu, akanitoa mbigili kwa sindano yake ya kushonea vikapu, akanikanda vigimbi kwa samli kama anavyokandwa mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nalia, yeye alikuwa analia, na kazi ilikuwa inaendelea. Akanipa kikombe cha mtindi. Kisha akachukua viatu vyangu, akakung'uta vumbi, akanivalisha mwenyewe. Kamba alizifunga fundo la kufungia ndama.

Ndipo ikaja pikipiki ya yule anayefuata wakimbiaji wa nyuma. Akauliza, "Dada, bado upo kwenye mbio au nikuandike umeacha?" Sijafungua mdomo, mama yako akajibu, "Yumo."

Yule kijana akasema, "Mama, muda umeenda."

"Nimekuambia yumo."

Nikainuka. Akanisindikiza mpaka mwisho wa shamba la pamba, kanga kaifunga kiunoni, anatembea haraka kuliko mimi ninavyokimbia. Pale akasimama. "Ukifika, urudi hapa," akasema.

Nisikudanganye, samli haikuponya kitu. Kutoka Nkoma mpaka Mwandoya nilitembea zaidi kuliko kukimbia. Kuna kilima kimoja nilikipanda kinyumenyume kwa sababu mapaja yalikataa kwenda mbele. Nilifika jua limezama, wanafungua kamba za bango. Vijana wawili wakaliacha, wakapiga makofi, na mama ntilie mmoja akapiga kigelegele akiwa bado ameshika mwiko. Nilikuwa wa mwisho. Muda wa kuhesabiwa ulikuwa umepita, kwa hiyo jina langu halipo kwenye matokeo. Nilikaa chini kwenye vumbi nikasubiri nijisikie furaha. Haikuja. Nilijisikia tu kwamba nimefika na wewe hukufika. Mpaka sasa ndivyo ninavyojisikia.

Leo asubuhi nikapanda gari kurudi hapa, kama alivyoniagiza. Nilishuka kwa kujishikilia mlango, na mama yako alivyoniona ninavyotembea akacheka. Akasema, "Umekuwa bibi, Minza." Kicheko chake kinafanana na chako, nilikuwa sijakigundua.

Tulikaa tukichambua michembe iliyobaki. Akaniuliza ulikuwa unakimbiaje. Nikamwambia ulikuwa unakimbia unaimba nyimbo za kwaya, tena kwa sauti mbovu, mpaka mbwa wa mtaani wakatuzoea. Akasikiliza. Halafu akaweka ungo chini akaniambia jambo ambalo nadhani hajamwambia mtu.

Alisema ulipokuwa darasa la pili uliumwa koo, na baada ya hapo magoti yakakuvimba, leo hili, kesho lile, homa inakuja inaondoka. Ilikuwa msimu wa palizi. Alikupaka mafuta, akasema ni mwili unakua. Ukapona, ukaanza kukimbia tena, wakasahau. Siku ile hospitalini daktari alimwuliza pembeni, huyu mtoto aliwahi kuvimba viungo, maana ugonjwa huu wa moyo huanzia hapo? Akajibu hapana.

"Nilijua pale pale," akaniambia. "Mzigo ule ulinishinda, nikatafuta mahali pa kuutua. Ukawa umesimama mbele yangu na vile viatu."

Nilikasirika, Kabula. Nikuambie tu. Miezi yote ile niliyolala nikiwaza kwamba labda ni kweli, labda ni mimi, labda kile kilima cha mwisho cha mazoezini tusingekipanda. Nilitaka kuinuka niondoke, lakini miguu haikuweza kuinuka. Kwa hiyo nilibaki nimekaa, na nilivyobaki nikaiona mikono yake. Ilikuwa juu ya magoti yake mwenyewe, inayakanda, kama anatafuta uvimbe.

Nikamwambia, "Mayu, hakuna mama hapa Nkoma ambaye angejua."

Akasema, "Ningempeleka."

"Ndiyo. Ungejua, ungempeleka."

Akainamisha kichwa begani kwangu. Ndipo akalala, nikamlaza taratibu mkekani, na hivi bado amelala. Mdogo wako Ngolo amepita ananyata akaniambia mama halali mchana tangu uondoke, na usiku ndiyo kabisa.

Basi haya ndiyo ninayokuahidi. Ngolo nitamchukua wiki hii twende Bariadi akapimwe moyo, na mama yako tutakwenda naye, asikilize kwa masikio yake. Pamba yenu iliyobaki tutaitoa pamoja. Hilo neno la magoti sitamwacha akae nalo peke yake. Nitakuja, na siku ambazo hasira itanirudia nitakuja hivyo hivyo na hasira yangu, nikae nayo hapa kivulini mpaka ipoe. Na nitaendelea kukimbia, polepole, si mbali. Kuimba sitaweza.

Lala, Kabula. Lala salama, mwanamke wa mvua, kama lilivyo jina lako. Tulichokuwa nacho mimi na wewe hakuna aliyetunyang'anya, hata kifo kimechukua nusu tu.

Mama yako ameamka. Ananiita nimletee maji. Ameniita Kabula, kisha akajisahihisha, akaniita Minza.

Nimeitika mara zote mbili.

Wako,
Minza