Picha za Ambakisye ndani ya kumbi la jando

Sadallah, upo? Picha za Ambakisye zimeungua. ZOTE!

Zile alizopiga marehemu baba yake, bwana shamba. Vilima na vitongoji vya Chilangala, mwaka sabini na nne, kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa. Nakala nyingine hana.

Alikuwa anahangaika pa kuzionyesha, akaona kumbi la jando tupu, kile kibanda cha nyasi, wavulana wametoka asubuhi. Akamwendea msimamizi wake: "Shikamoo Mzee Hamidu, naomba nitundike picha humo."

"Marahaba. Tundika tu, mwanangu."

TUNDIKA TU! Na Mkunya nzima inajua wavulana wakishatoka, kumbi linachomwa siku ileile. Yeye Mnyakyusa, angejuaje? Watu wamemtazama anagongelea misumari, kimya.

Kaenda kuita wageni. Kurudi, moto umeshika paa. "Mzee! Picha za baba!"

Mzee hata hakuinuka. Kamwambia: "Baba yako aliipiga picha nyumba yangu. Kesho yake akaja na watu, wakaichoma ili nihame."

Ambakisye akageukia moto, mzee akaongeza:

"Picha yenyewe ni ile ya tatu kutoka mlangoni. Uliitundika vizuri."