Laptop Imekuja, Mama Asekenye Ameondoka

Malaba, Alhamisi, Juni 1996

Mvua ilianza saa nane mchana na bado inapiga mabati. Foleni ya matrela ya kuvuka mpaka imefika hadi kituo cha petroli, na matope ya barabarani yameingia mpaka mlangoni mwa ofisi yangu ya uwakala wa forodha. Ninaandika haya kwenye laptop mpya, nikiwa peke yangu, na moyo wangu ni mzito.

Nianze na mashine, maana hiyo ni rahisi kuisema.

Ni nyeusi, nene, nzito kuliko nilivyofikiria, na bado ina harufu ya katoni. Nilipoifungua Jumatatu nilijiona mtu wa Nairobi. Lakini kioo chake ukikitazama kwa upande huoni kitu, ni lazima ukae mbele yake sawasawa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Vitufe ni vidogo, na vidole vyangu hugusa viwili kwa mara moja. Katikati yao kuna kinundu chekundu cha kusogezea mshale, na mshale wenyewe una ukaidi wa mbuzi. Betri haimalizi saa mbili, na hapa Malaba stima hupotea bila kuaga. Nina wasiwasi na vumbi pia. Leo ni matope, lakini ikifika Januari vumbi la matrela litaingia humo ndani, na fundi wa kuisafisha yuko Kisumu.

Hayo ni malalamiko madogo tu.

Mama Asekenye ameacha kazi.

Kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyepiga chapa fomu zote za forodha za ofisi hii, kwa taipureta, nakala sita kwa pamoja, karatasi za kaboni katikati. Mimi nilipofika hapa nilikuwa mtu wa kuzurura getini, nikiwaomba madereva karatasi zao niwapelekee mawakala. Ni yeye aliyeniambia, "Wewe, ingia ndani ukae, ujifunze kazi." Akanionyesha fomu mstari kwa mstari. Mwenye ofisi alipostaafu nikaichukua mimi, naye akabaki nami. Mke wangu alipolazwa hospitali ya Alupe wiki tatu, Mama Asekenye alikuwa anatoka kwake Amukura kila Jumapili baada ya kanisa, na uji kwenye chupa, anampelekea.

Mtu kama huyo sikumwambia kwamba nimeagiza kompyuta.

Ninakiri hapa kwa sababu sina pengine pa kukiri. Niliagiza Aprili. Kila asubuhi nilijiambia, leo nitamwambia. Halafu ninamkuta ameshafika kabla yangu, amepanga kaboni zake, amepangusa taipureta, ananiuliza mke na watoto wameamkaje. Ninasema moyoni, kesho. Nilijidanganya kwamba sitaki kumhuzunisha mapema. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake.

Jumatatu katoni ikaletwa yeye akiwa amekaa kwenye kiti chake. Fundi aliyeileta akatazama chumba, akauliza, "Boss, tunaweka wapi? Hii meza ya taipureta si inatoka?"

 Nilijifanya ninatafuta kitu mfukoni.

Mama Asekenye akainuka. Akaifunika taipureta kwa kitambaa chake, akaibeba mwenyewe mpaka kona, akarudi akapangusa meza.

"Weka hapa," akamwambia fundi. "Hapa mvua haivuji."

Siku ile nzima alikaa kwenye benchi la wateja. Fundi alipomaliza kunifundisha, nikamwita na yeye ajaribu. Alikishika kitufe kwa nguvu, kama alivyozoea, na herufi moja ikajaza mstari mzima. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akakodoa macho.

"Sioni vizuri," akasema, akacheka kidogo.

Jioni alichukua kikombe chake na mwavuli. "Kwaheri, bwana Wandera," akasema. Miaka hii yote ameniita Wandera tu.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Na niseme ukweli wote: kuna saa nilifarijika. Hakuna aliyekuwa ananiuliza neno, na mimi nilikuwa na kitu changu kipya cha kuchezea.

Jana, Jumatano hiyo hiyo, ndipo alipofika Ssalongo. Ni dereva wa Uganda ambaye tumemtolea karatasi tangu zamani, alikuwa na mafuta ya kupikia ya kwenda Mbale. Aliniomba nifanye haraka, kwa sababu leo asubuhi binti yake alikuwa na kwanjula, ile sherehe yao ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, na baba ndiye anayengojwa. Nikamwambia asijali, sasa ofisi ina kompyuta. Nilichukua fomu ya Jumatatu niliyokuwa nimeihifadhi, nikabadilisha jina la mwenye mzigo, nikabadilisha idadi ya katoni. Printa iliyoletwa pamoja na laptop ikalia, karatasi zikatoka safi ajabu. Hakuna herufi iliyopinda wala alama ya kifutio.

Afisa wa forodha akazirudisha. Namba ya gari ilikuwa ya trela la Jumatatu. Sikuibadilisha.

Kwenye taipureta kila fomu ilianza ikiwa tupu, na Mama Asekenye alikuwa na tabia ya kutoka nje na fomu mkononi kwenda kusoma namba kwenye gari lenyewe, hata kama mvua inanyesha. Mimi nilikuwa ninamcheka.

Ssalongo akatolewa kwenye foleni, akarudishwa mwisho. Alikuja akasimama hapa mlangoni, akatazama kona ile yenye taipureta.

"Nyabo, yule mama wa taipu, ako wapi?"

"Hayuko."

"Huyo mama hajawahi kunikosea," akasema. Hakupandisha sauti.

Alivuka leo saa nne asubuhi. Wakati huo wageni walikuwa wameshaketi nyumbani kwake, na mtu mwingine amekaa kwenye kiti cha baba. Alipita na gari mbele ya ofisi. Nilimpungia mkono, lakini alikuwa anatazama mbele.

Hapo ndipo nikafunga mlango, nikatafuta mtu wa kunipa lifti mpaka Amukura, nikamalizia njia kwa bodaboda ya baiskeli.

Nilimkuta barazani anamenya njugu, ungo mapajani. "Yoga," nikamwamkia kwa Kiteso changu kibovu. Akaitikia, akanisogezea kigoda, akanipa chai. Nilikunywa nusu kikombe kwanza.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini? Umenunua kompyuta. Kila ofisi itanunua."

"Sikukuambia."

Akaendelea kumenya. "Nilijua tangu Aprili. Karatasi ya kuagiza uliiacha kwenye droo ya kaboni. Hiyo droo nani huifungua, si ni mimi?"

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nilikungoja useme. Kila asubuhi nikitoka hapa kuja kazini ninasema, leo Wandera ataniambia. Miezi miwili, Wandera."

 Maganda ya njugu yalikuwa yanamwangukia miguuni, na hakuwa anayatazama. Niliona kwamba vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vinatafuta zile mbovu na kuzitenga.

"Macho yangu nayo yameisha," akasema. "Mwaka huu wote karatasi nazisoma nikizisogeza puani, na nimepiga chapa kwa mazoea ya mikono tu. Nikawa naogopa utagundua. Ungeniambia mapema ningekushukuru, ningepumzika na roho safi. Sasa nimetoka kama mtu amefukuzwa."

Nilimwomba arudi. Nikamwambia tutatafuta miwani, awe anasoma fomu kabla hazijaenda kwa afisa, asiguse hata kitufe kimoja. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Hapana. Nimechoka kukungoja."

Alisema hivyo kwa upole, kama mgeni anayekataa chai ya pili. Kisha akaweka ungo chini.

"Lakini niandikie barua. Wote walioacha kazi pale ofisini, barua zao ni mimi niliwapigia. Hata yule mlinzi aliyekaa miezi minne tu. Na mimi nataka yangu. Watoto wangu wajue nilikuwa wapi miaka yote hiyo."

Nikamwahidi. Akanisindikiza mpaka njiani. Kila mara nilipokwenda kwake nimetoka na mfuko wa njugu. Leo nimetoka mikono mitupu, na sikustahili zaidi.

Sasa nimekaa mbele ya kioo hiki. Barua nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika "Kwa yeyote anayehusika", kama zinavyoandikwa zote, nikaona aibu, nikafuta. Mara ya pili niliandika kwamba alikuwa mfanyakazi mwaminifu. Hayo yalikuwa hata kwenye barua ya mlinzi. Nikafuta.

Mara ya tatu nimeandika jina lake kamili, Imelda Asekenye, na chini yake: "Huyu ndiye aliyenifundisha kazi."

Bado ninautazama huo mstari. Ni kweli, na hata siku moja sikuwahi kumwambia.

Nitaimaliza barua hii leo, stima ikiwepo au isiwepo. Jumamosi nitampelekea mwenyewe, na kwa kuwa haoni vizuri, nitamsomea kwa sauti.