Kumuaga Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza hali yako na ya shemeji, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: siku ulipoondoka kwenda kwako, sikuwa naumwa tumbo. Nilijifungia bafuni nikafungulia bomba ili nisikusikie ukiniita. Najua uliondoka na kinyongo. Sasa niambie, hamjambo? Mtoto ameanza kutambaa? Mimi ni mzima wa mwili.

Asubuhi ya siku ile ajali ilipomchukua baba, nilimsindikiza hadi mlangoni nikamwambia kwaheri mara mbili, maana ya kwanza hakuisikia. Siku nyingine zote alikuwa akiniacha nimelala. Tangu hapo nikaamini kwamba nikimuaga mtu, harudi.

Nilipomaliza shule nilipata kazi ya kupiga pasi kwa dobi. Jioni wenzangu wakiagana, mimi nilikuwa napenya mlango wa nyuma. Wakanibandika jina, Moshi. Bosi wetu, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akadhani natoroka na mashuka ya wateja. Siku moja akanivizia, akapekua mfuko wangu, akakuta kitana na kitabu. Akauliza, kama si mwizi, nakimbia nini. Nikalia, nikamweleza habari ya baba. Hakucheka. Kesho yake alinipeleka mwenyewe kwa mshauri pale zahanati.

Mshauri ni mwanamke mpole anayevaa soksi na kandambili. Alinipa daftari, nigawe ukurasa sehemu tatu: kilichotokea, nilichojiambia, na nilichohisi na kufanya. Anasema hofu hairuki kutoka ya kwanza hadi ya tatu. Inapita hapo katikati, na hapo ndipo tunaweza kuikamata. Akataka ushahidi. Nikasema baba. Akauliza ni nani mwingine aliyemuaga baba asubuhi ile. Nikakumbuka mama, jirani, na wewe. Wewe, dada, ulimuaga kabla yangu, na sijawahi hata mara moja kukuona muuaji.

Kisha akasema kama kuaga kwangu kuna nguvu hivyo, basi niwaage mbu wa ofisini kwake, naye apumzike. Nilicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Akanipa kazi: nimuage mtu mmoja kwa maneno kamili, halafu nisimfuate wala nisijaribu kulirudisha neno langu. Nilipanga kuanza na bosi.

Dada, leo nimemuaga mama. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali. Amekutwa na uvimbe tumboni na sasa hivi yuko kwenye chumba cha upasuaji. Alinikataza nisikuambie, eti utakurupuka na mtoto mchanga kwenye basi. Walipokuwa wanamsukuma, alinishika kidole akauliza kama hata leo nitamnyima kwaheri. Kumbe miaka yote alikuwa anaona. Nikamwambia kwaheri, mama. Mlango ukafungwa, nikaja kukaa hapa.

Walisema upasuaji utachukua saa mbili. Zimepita nne. Nimeandika daftarini kwamba muuguzi kasema walichelewa kuanza. Hicho ndicho kilichotokea. Nilichojiambia ni kingine kabisa, na unauona mwandiko wangu ulivyo. Mara tatu nimesimama niende pale mlangoni nimwambie yeyote atakayetoka kwamba sikumaanisha. Mara tatu nimekaa.

Barua hii naitia posta hapo nje sasa, kabla hawajafungua mlango, nisije nikaibadilisha kwa watakachoniambia. Ikikufikia nitakuwa nimeshakupigia simu juu ya mama, atake asitake.

Ila la bafuni libaki kwetu wawili. Siku ile mama alinikanda tumbo kwa kitambaa cha moto mchana kutwa, akiamini naumwa kweli. Nisalimie shemeji, umbusu mtoto, na tafadhali, usimwambie mama.

Mdogo wako anayekupenda,
Moshi