Permi ya Mtumbwi Wako

Baba,

Ulinifundisha nisiwaseme vibaya watu wa damu yetu. Leo unisamehe, adabu imenishinda. Permi, kile kibali cha kuvulia kwa mtumbwi wako, imekwenda, na aliye nayo ni Rashidi, mdogo wako.

Ungemwona alivyolia siku tuliyokuzika, ungemhurumia. Machozi hayajakauka, akasimama mbele ya wazee wa ufuoni: "Mutumbwi ya marehemu haiingie mu maji wakati mujane iko mu eda." Nani angebisha? Ndiyo desturi yetu, na wewe mwenyewe uliishika alipokufa Babu. Tukauvuta mchangani, tukaufunika kwa makuti ya michikichi. Vijana wako wa uvuvi wakaenda Kabonga kutafuta chombo kingine. Mama akakaa ndani, sisi tukala mihogo na mawese, samaki tukawanusa kwa jirani.

Eda ilipoisha nilikwenda ofisi ya uvuvi kuandikisha permi kwa jina la Mama. Karani wa pale alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma. "Dada, wakaguzi walipita kuangalia mitumbwi. Yenu haikuwa mu maji, wakasema ilishakufa. Nafasi yenu walipatia muntu mwingine." Permi mpya hazitolewi tena, ati ziwa limechoka, samaki wamepungua. Nikamuuliza huyo mtu ni nani. Ni yeye, Baba! Alikuwa ameomba tangu wiki ya matanga. Sisi tunashika desturi, yeye anashika foleni.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi asubuhi, unanichagulia samaki mnono, mukeke, unaninong'oneza, "Hii ni yako, usimwambie mama yako." Na Mama yupo nyuma yako, anacheka. Nakukosa sana, Baba. Naandika huku nalia.

Juzi Rashidi alikuja nyumbani. Ana permi, hana mtumbwi. Hata haya hakuona: "Shemeji, uniuzishie ile mutumbwi. Itaozea pale bure." Mama alinigeukia mimi.

Basi pumzika, Baba. Mungu akutilie nuru kaburini. Nami nakuahidi, Rashidi hatakalia ubao wako hata mmoja. Leo asubuhi niliazima shoka kwa jirani, nikaupasua mtumbwi kuanzia mbele, pale ulipopenda kukaa. Mbao zilikuwa kavu, zikawaka upesi. Mama amezipikia ugali wa mchana, na tumekula.

Mwanao,
Zaina