Kwenda Harusini Baada ya Talaka

Jumapili, baada ya Isha

Nimekwenda. Tangu Haji anipe talaka sikuwa nimehudhuria harusi yoyote. Nilijua nikiingia tu, wanawake wote watanikodolea macho na kunisema.

Mshauri wangu wa kliniki hakunibishia. Alisema, "Hilo ni wazo tu, Mwanaidi. Nenda ukaangalie wenyewe wanafanya nini."

Basi leo nikajitia udi, nikaenda Kiembe Samaki, kwenye harusi ya binti wa shoga yangu Salma. Mlangoni niliangalia kama nilivyoagizwa. Wengi walikuwa wanachezea simu au wanatafuta pa kukaa. Aliyenikodolea macho ni mtoto mchanga.

Halafu akaja Bi Zuwena, jirani yetu wa zamani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Nshasikia, Haji kakuacha."

Alilisema kwa sauti, na wa karibu wakageuka. Nilikereka, maana hilo hasa ndilo lililonifungia ndani miezi yote hii.

"Ndiyo, Bi Zuwena. Kaniacha."

"Pole, mwanangu. Hata mimi niliachwa. Hebu nisogezee hiyo achari."

Wale waliogeuka wakarudi kwenye biriani yao.

Sijui nikamwambie nini mshauri, kwa sababu nilichokiogopa kimetokea kweli. Ila siku zote niliamini kwamba kikitokea nitalia mbele za watu na kukimbilia nyumbani. Badala yake nilimsogezea Bi Zuwena achari, nikaendelea kula. Nilibaki mpaka bibi harusi akatolewa, nikampigia vigelegele.