Kwa Baba, Kuhusu Mtumbwi na Vidudu vya Bahari ya Barafu

Norvège, Ulaya ya kaskazini kabisa
Mwezi wa pili

Kwako Baba yangu mpenzi, Mzee Assumani, hapo Baraka,

Amani ya Mungu iwe nawe na nyumba nzima. Mimi mwanao Haruna ni mzima, nakula, nalala, na meno yangu yako yote mdomoni ingawa Mama alisema baridi ya huku itayang'oa. Nawe je? Macho yanaendeleaje? Goti la Mama limetulia, au bado linamsumbua akienda shamba la mihogo? Na shangazi wa Kazimia, ameacha kugombana na majirani? Nasikia mvua imeharibu barabara ya Fizi hata bamotari wanawashusha abiria wasukume pikipiki. Poleni sana.

Barua hii naitia mkononi mwa Vainqueur, yule kijana wa Kibembe tunayekaa naye mji mmoja huku, ambaye anakuja kuoa huko Fizi. Ningepiga simu, lakini rezo ya Baraka mnaijua wenyewe: ukifika kwenye neno la maana inakata. Na safari hii neno la maana lipo. Najua Salma ndiye anayekusomea. Salma mdogo wangu, soma polepole, usiruke mistari, wala usichomeke maneno yako humo.

Baba, swali lako nimelipata. Umeuliza kama ziwa likishafungwa miezi yake ya kupumzisha samaki na kufunguliwa tena, nitakuwa nimefika, ili tuuingize majini mtumbwi mpya uliomwagiza fundi kwa jina langu. Salma aliniambia bado umeufunika kwa turubai la bashi pale ufukweni, umekataza usiguse maji mpaka nije, na joto limeanza kuachanisha mbao. Nitakujibu humu humu. Ila kwanza niache nikueleze kazi yangu, maana kila nikikuambia niko laboratwari unaitika haya, haya, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusinzia.

Kazi yetu ni kufuata vidudu vya baharini. Usicheke. Kimoja ni kama punje ya mchele, mwili wake unapitisha mwanga, kina sharubu mbili ndefu, na ndani yake unaona kifuko cha mafuta. Samaki wanavila, ndege wanavila, hata nyangumi, yule mnyama mkubwa kuliko nyumba yetu na ya jirani, kuna aina yake inayoshiba kwa vitu vidogo namna hii. Bila hivyo bahari yote ya huku ingelala njaa.

Sasa sikiliza maajabu. Huku jua linapotea. Sisemi mawingu, nasema halichomozi kabisa, saa sita mchana unatembea na tochi. Halafu ukifika wakati wa joto halizami. Wee! Mwaka wa kwanza nilidhani akili zimeniruka, nilikuwa nakula chakula cha asubuhi saa za kulala. Sasa vidudu vyetu chakula chao ni vimajani vidogo sana vya baharini, na vimajani hivyo vinahitaji mwanga. Jua likirudi vinaota kwa wingi, muda si mrefu vimekwisha. Yaani karamu ni moja kwa mwaka, ukiikosa basi. Kwa hiyo vidudu vinakula mpaka mwili unakuwa mafuta matupu, kisha kabla ya giza vinashuka chini, mamia ya mita, hata ukiziunga nyavu zako zote hazifiki. Huko havili. Moyo unapiga kidogo kidogo. Vinaishi kwa mafuta yao wenyewe miezi na miezi, halafu mwanga ukikaribia kurudi, vinaamka na kupanda.

Hapo ndipo niliponaswa, Baba. Nilimuuliza mkuu wetu, mama mmoja mwenyeji wa huku mwenye nywele nyeupe, ni nani anayeviamsha. Maana kule chini giza ni lile lile na baridi ni ile ile, hakuna jogoo. Akaniambia hawajui vizuri. Wengine wanasema vina saa yao mwilini, wengine wanasema mafuta yakipungua kiasi fulani ndiyo yanayoviambia. Mtu aliyezeekea katika kazi hii anasema hajui, tena kwa furaha, kama muntu aliyepewa zawadi! Akaniambia tena kuna aina moja ambayo majike yake yanataga huko huko kilindini, katikati ya giza, bila kutia kitu kinywani. Mayai yanaelea yenyewe kwenda juu, ili batoto wakute karamu. Siku hizi barafu inayeyuka mapema na vimajani vinaota mapema, sasa tunataka kujua kama vidudu vitapanda na kukuta sahani tupu. Ndiyo maana tunazunguka na meli.

Sasa nikuchekeshe. Si vidudu vyote vinavyolala. Vingine vinabaki huku juu giza lote, na kwa vile jua halipo, vinafuata mwezi: ukiangaza vinashuka, ukitua vinapanda. Tulikwenda kuvitafuta hivyo. Wavu ukapanda na vichache mno, mkuu akaingia ndani kunywa kahawa. Mimi mtoto wa Baraka, niliyekulia kwenye mitumbwi inayovua usiku kwa taa, nikajiambia aka, hawa wazungu hawajui kuvua. Nikatafuta taa kubwa ya umeme, nikaiwasha, nikaining'iniza ubavuni mwa meli kama tunavyofanya kwa ndagala, wale samaki wetu wadogo wa ziwani. Nikakunja mikono nikingoja vijae.

Kumbe ndani kuna kioo kinachoonyesha yaliyo chini ya maji. Wenzangu walikuwa wanakitazama, wakaona vidudu vyote, kundi zima, vinakimbilia chini kama bamama wa sokoni mvua ikianza. Mkuu alitoka mbio na kikombe mkononi, akiuliza ni nani amewasha taa. Taa za meli nzima walikuwa wamezizima kusudi! Tulikuwa tunafanya kazi na vitochi vyekundu, mimi nikadhani wanabana umeme. Akanieleza kwamba kwa kidudu cha huku, mwanga ni mahali ambapo adui anayekuwinda anakuona. Ilibidi tuhamishe meli, tutafute giza lingine, tuanze upya. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Nikamweleza habari za taa zako na ndagala wanavyojaa. Hasira zikamwisha, akavuta kiti, akataka kujua yote. Akauliza na vile vidudu vya ziwa letu, ambavyo ndagala wanavila, vyenyewe vinaifuata taa au vinaikimbia. Baba, sikujua. Utoto wangu wote nimekaa kwenye taa, sijawahi kujiuliza ndagala wanaifuata kwa nini. Tangu siku hiyo swali hilo haliniachi, nikila niko nalo, nikioga niko nalo.

Na sasa jibu lako.

Najua Mama na majirani mnaniombea dua Mungu anitoe katika mateso ya baridi. Baba, sina mateso. Niko na furaha. Hilo ndilo neno lililonishinda kwenye simu, maana niliona haya kuwaambia watu wanaonilia kwamba mimi nacheka. Kila uliponiuliza nilisema msimu ujao, nikidhani hamu ya kuvua itanirudia. Haikurudi. Ninyi nawatamani kila siku, lakini mtumbwi siutamani. Wameniomba nibaki kwenye kazi hii na nimekubali, nimeshatia sahihi. Nitakuja kuwasalimu, nitakula bugali wa Mama mpaka nishindwe kuinuka, kisha nitarudi huku.

Usiniwekee mtumbwi tena. Unapasukia ufukweni kwa ajili ya mtu asiyekuja. Mpe Salma. Mnasema anakusaidia tu, lakini ni nani anayepanda bateau ziwani mpaka Kazimia kutafuta nyavu? Ni nani wavuvi wanayemwogopa wakitaka kuficha samaki? Ni nani aliyeleta taa za betri wakati wewe ulikuwa unazinunia? Watu watasema mtumbwi wa Assumani umekwenda kwa mwanamke. Waache waseme. Yeye hatavua, ataajiri wavuvi, kama wewe unavyofanya tangu macho yalipokataa.

Salma, najua unataka kuruka hapa. Endelea. Usilainishe hata neno moja kwa kumhurumia. Wewe hukuniomba haya, na Baba ajue hukuniomba. Nimeyasema kwa sababu ni kweli.

Nisalimie Mama, mwambie sweta aliyonifumia naivaa na wenzangu wanaionea wivu. Nisalimie shangazi, wavuvi wote, na mke wa Vainqueur mtakapokwenda kumwona. Mungu akulinde, Baba, akuzidishie siku.

Na Salma akimaliza kusoma, usimwambie arudie. Umesikia vizuri.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Haruna Assumani