Haya Niliyoidhani ya Kuagana

Chumba cha ushonaji,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo dada. U hali gani, na lile goti linaendeleaje? Baridi ya huko imepungua? Sisi huku wazima, mama anakula vizuri na bado anagombana na televisheni. Mimi mwili mzima, ila moyoni sina amani, na sababu unaijua.

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika, kazi ambayo sijaifanya tangu shule. Barua ataileta binamu yetu dereva wa lori. Usimnunie, hajui kilichomo.

Nianze na hiyo hedifoni isiyo na waya, maana wewe ndiye uliyenisukuma kuitafuta. Kila ukipiga unalalamika, "Mbona nakusikia kama uko ndani ya mashine ya kusaga?" Ndiyo cherehani hiyo, na simu nimeibana kati ya bega na shavu mpaka shingo imepinda. Nikashuka kwa fundi simu wa hapa chini. Mimi nilishazipenda zile ndogo za kuchomeka masikioni, zinang'aa kama hereni. Akaniambia, "Hizo mama ni za muziki. Ukiongea nazo kwenye kelele, mwenzio anasikia kelele tu. Wewe chukua hii yenye maiki mdomoni." Akaivaa, akaenda kusimama karibu na mchomelea vyuma, akanipigia. Nilimsikia yeye tu, hata pumzi zake. Nikaichukua bila kubisha.

Nilikuambia nimeinunua ili unisikie vizuri. Hiyo ni nusu ya ukweli. Niliinunua ili mikono yangu iendelee kushona huku unanieleza jinsi shemeji alivyokuacha akaondoka. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ile Jumanne ulilia sana. Halafu ukasema, "Haya." Nikajibu, "Haya dada," nawe kimya. Unatujua tunavyoagana, haya juu ya haya, nikaona basi, tumemaliza. Kumbe, nikikumbuka vizuri, mlango wako ulikuwa umegongwa, na haya yako ilikuwa ya kumwitikia aliyegonga, simu umeiacha wazi. Sikuangalia kama imekatika. Nikaishusha hedifoni shingoni, maiki ikabaki chini ya kidevu.

Mwenzangu anayeshona sare za shule akauliza, "Dada yako tena?" Na mimi na huu ulimi usio na breki: "Nani mwingine? Kilio cha jana ndicho cha leo. Mimi nimekuwa leso yake." Halafu, Mungu anisamehe, nikakuigiza. Nikakwama pale unapokwama, nikavuta kamasi pale unapovuta. Chumba kizima kikavunjika mbavu. Ile haya nyingine, ya usoni, sijui nilikuwa nimeiacha wapi.

Vicheko vyao najua hukuvisikia, wala cherehani zao. Ile maiki inachuja kila kitu isipokuwa mdomo wa aliyeivaa. Umenisikia mimi tu, neno kwa neno.

Nilipoivaa tena nimpigie mteja, nikakukuta bado upo. Ulisema, "Shona, mdogo wangu, usichelewe na kazi za watu." Ukakata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ungenitukana, leo ningekuwa na la kujitetea.

Wenzangu wananiambia litapita, ndugu hawakosani. Hawajui kwamba mambo ya shemeji hukumwambia mama wala kaka, uliniambia mimi peke yangu. Nami nikayafanya mchezo wa kuchangamsha kazi. Siku hizi nikiingia pale nainamia kitambaa tu, na mwenzangu wa sare ameacha kunitania.

Juzi mama kaniuliza mbona husikiki. Nikamwambia una kazi nyingi. Akafurahi, akasema basi mambo yako yamenyooka. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Dada, sikuombi unisamehe leo. Kinachoninyima raha ni kwamba uko huko peke yako na huna tena wa kumlilia, na aliyekuziba mdomo ni mimi. Ukipiga, cherehani nitaizima na simu nitaishika kwa mkono. Na kama mimi hunitaki, una haki. Basi mpigie mama, umweleze yote ya shemeji. Mlilie. Akikuuliza kwa nini mimi hunipigii tena, mwambie na hili nililokufanyia, usinifichie kitu. Heri anione nilivyo kuliko wewe kukaa na mzigo huo kimya.

Kaka anakusalimu sana, shangazi pia, na wanangu kila siku wanamuulizia mama mkubwa wao. Mungu akupe usingizi mzuri, akuponye goti, na akuwekee karibu mtu mwenye masikio mema kuliko yangu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda sana, ingawa hilo ndilo hukunisikia nikilisema.